Mama Mdogo Kwenye Fomu

Kazini walimwita Mama Mashuka, na jina hilo lilimkaa kama aproni. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifua mashuka ya hospitali, na fungu lake la kudumu lilikuwa mashuka ya wodi ya wazazi, yale ambayo wenzake waliyakimbia kwa kisingizio cha mgongo. Yeye mgongo ulimuuma kweli, ila alishachoka kuutangaza. Alikuwa amefua uzazi wa mji mzima bila yeye mwenyewe kuzaa hata mara moja. Hilo halikumzuia kuwa na mtoto.

Mtoto huyo alimpata msibani. Dada yake mkubwa alifariki akaacha binti wa miaka mitatu, na matanga yalipokwisha ndugu wakakaa kugawana. Viti vikapata wenyewe, sufuria zikapata wenyewe, hata kioo chenye ufa kiligombewa na watu wawili wasio na sura ya kukihitaji. Upande wa baba wa mtoto haukutokea kabisa. Mwisho pakabaki mtoto, amekaa kwenye mkeka na kiatu kimoja.

"Na huyu?" mtu mmoja akauliza.

"Huyu ni wangu," akasema Mama Mashuka, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa mama wa chochote.

Wiki mbili za kwanza mtoto alimwita mama mdogo, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Halafu neno "mdogo" likadondoka lenyewe kama kifungo cha shati, na hakuna aliyeinama kuliokota. Mdogo wa mama yako ni mama, jambo hilo halina haja ya kikao.

Binti akakua, akasoma, akashinda mitihani kwa hasira. Miaka minane iliyopita akaenda ng'ambo kusomea uuguzi. Fomu zake alizijaza mwenyewe, kwa mwandiko wake, mezani pa chakula, na Mama Mashuka hakuzielewa hata mstari mmoja, kwa hiyo alichangia kwa kufukuza nzi. Huko binti akahitimu, akapata kazi, akapata kibali cha kuishi, akapata na mume, dereva wa malori marefu anayeondoka Jumatatu na kurudi wiki ya tatu. Kisha akapata mimba, na mimba haikutaka mchezo. Ilipofika mwezi wa tano daktari alimwambia alale, asinyanyue hata birika.

"Mama, njoo," binti alisema kwenye simu. "Hata ile miezi miwili ya mwisho tu, mpaka nijifungue. Nalala hapa naangalia dari mpaka naijua kila ufa. Sina mtu."

Barua ya daktari akaituma siku hiyo hiyo, yenye muhuri na namba ya simu ya hospitali.

Sasa, mtu mwenye barua kama hiyo anaenda wapi? Mwenzake wa pale kwenye pasi, mwanamke waliyemwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzimia, akampa jibu kabla hajauliza.

"Nenda kwa Balozi. Shemeji yangu alimpeleka, mtoto wa jirani yangu alimpeleka. Anakujazia kila kitu, wewe unaweka sahihi tu. Mwenyewe ukijaza, unakosea nukta moja unatupwa nje."

Balozi hakuwa balozi wa nchi yoyote. Alikuwa na chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni na duka la kutoa fotokopi, chenye bango la ndege ukutani, na ndege ya pale ukutani ndiyo pekee aliyowahi kuikaribia. Lakini alivaa suti. Alivaa suti hata jua lilipokuwa linapika mabati, na jasho likimtiririka alisema ni viyoyozi vya huko vimemzoesha vibaya.

"Mwanao yuko huko kihalali?" aliuliza, vidole juu ya kompyuta.

"Ana kibali. Muuguzi."

"Safi sana. Wewe kazi yako?"

"Nafua mashuka hospitali."

"Tuseme Meneja wa Idara ya Usafi wa Vitambaa."

"Tuseme nafua mashuka. Barua ya mwajiri hii hapa, imeandikwa mfuaji, na meneja mwenyewe ndiye aliyesaini. Ukinifanya meneja, yeye tutamfanya nani?"

Balozi akacheka, akaandika mfuaji. Akaendelea: umri, anwani, namba ya pasipoti. Akafika kwenye uhusiano.

"Mama," akaandika, kwa vile ndivyo alivyosikia. Halafu akanyoosha mkono. "Cheti cha kuzaliwa cha binti."

Mama Mashuka akakitoa kwenye mfuko wa nailoni. Balozi akasoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Mama, hapa jina la mama si lako."

"Ni la marehemu dada yangu. Mimi ni mama mdogo."

"Sasa umeniletea kesi." Akajiegemeza nyuma, kiti kikalia. "Wenzetu hawana mama mdogo. Lugha yao haina. Kwao wewe ni shangazi."

"Mimi shangazi? Shangazi ni upande wa baba. Upande wa baba hata kwenye maziko hawakuja!"

"Najua, mama. Lakini kwao dada wa baba, mdogo wa mama, mke wa mjomba, wote wametupwa kwenye kapu moja. Na shangazi hapewi viza ya kwenda kumuuguza mtu. Shangazi anatumiwa picha." Akainama mbele, sauti ikapungua. "Nikuulize. Nani alimlea?"

"Mimi."

"Nani alimpeleka shule? Nani alikesha naye akiugua surua?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye mama. Mimi sitengenezi uongo, mimi narekebisha karatasi iendane na ukweli. Njoo Alhamisi."

Angeweza kukataa. Alikuwa amekataa umeneja dakika tano tu zilizopita, tena kwa mdomo mkali. Lakini umeneja ulikuwa kitu cha kijinga ambacho hakuwahi kukitamani. Hiki kingine kilimgusa mahali ambapo hakujua kuna kidonda. Alitoka bila kusema ndiyo wala hapana, na Alhamisi akarudi.

Cheti kilikuwa kizuri mno. Karatasi ilichovywa chai ikazeeka, kingo zikachakazwa kwa mikono, jina la binti, tarehe ileile, na pale pa mama, jina lake yeye. Herufi zote. Akalisoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Kisha akaona muhuri. Mwanamke huyu alikuwa akipiga mihuri kwenye mashuka kila Jumatano ili yasiibwe, na wino aliujua kuliko wanaouuza. Aliujua ukiwa na siku moja, aliujua ukiwa na mafuo mia. Wino wa miaka thelathini hupauka kwa ndani kwanza, ukabaki ukingo. Huu ulikuwa wa zambarau iliyoshiba, wa juzi, pengine wa asubuhi ile.

"Muhuri wako ni mbichi," alisema.

"Nani atauangalia muhuri, mama? Wewe tu na mashuka yako. Weka sahihi hapa. Na hapa, panaposema kila ulicholeta ni kweli. Binti usimwambie kwa simu, simu zinasikilizwa. Na ukiitwa kwenye mahojiano wakakubana, ng'ang'ania cheti."

Akaweka sahihi mara mbili. Ya pili ilipinda.

Wiki sita baadaye akaitwa. Alifika ubalozini saa kumi na mbili asubuhi, akakaa kwenye safu za viti vya plastiki pamoja na watu waliovaa nguo za harusi za watu wengine, kila mmoja amekumbatia faili lake kama mtoto mwenye homa. Namba yake ilipoitwa ilikuwa inakaribia saa tano, na miguu ilikuwa imevimba.

Nyuma ya kioo alikaa afisa, mwanamke wa makamo mwenye mafua, na pembeni yake mkalimani, mwanamume mwenye tai na kipara kilichotunzwa vizuri.

"Shikamoo mama," alisema mkalimani kupitia vitundu vya kioo.

"Marahaba."

"Uko tayari, mama?"

"Nilikuwa tayari kabla hamjafungua geti."

Hiyo mkalimani hakuitafsiri. Afisa akapenga kamasi, akauliza kitu, na swali likaja upande wa pili likiwa limevishwa adabu.

"Mama, afisa anauliza, huyu unayetaka kumtembelea ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Wewe ni mama yake?"

"Ndiyo."

Mkalimani akatafsiri. Afisa akauliza tena, neno moja tu zaidi.

"Mama mzazi?"

Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Si walimu, si majirani, si binti mwenyewe. Mtu unamuulizaje mama wa mtu ni mama wa aina gani?

"Cheti si kipo hapo mbele yake?"

Afisa hakukigusa cheti. Alifungua faili la pili, jembamba, akalisukuma karibu na kioo. Mama Mashuka hakujua lugha iliyoandikwa humo, ila mwandiko aliutambua mara moja: ile mikia mirefu chini ya herufi ambayo mwalimu wa darasa la tatu aliichapia mtoto fimbo bila mafanikio.

"Mama, hii ni fomu ya binti yako, ya miaka minane iliyopita," mkalimani alisema. "Pale pa mama ameandika, amefariki. Na huku chini kuna boksi la 'uhusiano mwingine, eleza'. Ameandika hivi." Akasogeza miwani. "'Aliyenilea ni mdogo wake mama yangu. Kwetu huyo ni mama. Nikipatwa na jambo, apigiwe simu yeye.'"

Mama Mashuka akashika ukingo wa kaunta.

Afisa akazungumza kwa muda mrefu, polepole, akikatiza ili apige chafya. Mkalimani akasubiri amalize.

"Anasema hivi, mama. Karatasi hizi mbili haziwezi kuwa za kweli zote. Kama wewe ndiye uliyemzaa, basi binti yako aliwadanganya, na kibali chake kitafunguliwa upya kuanzia mwanzo, chuo, kazi, kila kitu. Kama yeye alisema kweli, basi cheti hiki ni cha uongo. Anataka useme wewe mwenyewe. Ni ipi?"

Ng'ang'ania cheti, Balozi alisema. Balozi, mtu wa kusafiri kwa bango! Mama Mashuka akamwona binti yake amelala chali, tumbo juu, amekatazwa hata birika, halafu mlango unagongwa na mtu mwenye barua.

"Mwambie mwanangu hakudanganya."

"Kwa hiyo, mama?"

"Kwa hiyo mimi..." Mdomo ukagoma. Akaanza upya kama anayesukuma toroli la mashuka yaliyolowa. "Mimi sikumzaa. Aliyemzaa ni dada yangu, amelala kaburini mwaka wa ishirini na saba huu. Cheti ni cha kutengeneza. Na usimwambie kwamba nilidanganywa. Nilijua. Wino niliuona."

Mkalimani akageukia afisa. Akaenda vizuri mpaka mahali fulani, kisha akakwama, akajaribu neno, akaliacha, akajaribu maneno matatu kwa pamoja. Afisa akakunja uso, akauliza.

"Anauliza, mama, kwa maana hiyo wewe ni shangazi yake?"

Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kifupi na kikavu, mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka.

"Mwambie anavyotaka."

"Nimemwambia mama mdogo," mkalimani akasema chinichini, karibu kwa kuomba radhi. "Limekataa kuvuka."

Uamuzi haukuchelewa. Maombi yamekataliwa kwa udanganyifu. Asiombe tena kwa miaka kumi. Jina lake litawekwa mahali ambapo nchi nyingine nazo huchungulia, kwa hiyo hata akitaka kwenda kwingine ataulizwa. Pasipoti ikarudi kupitia kijidirisha cha chini. Cheti hakikurudi.

Alipokuwa anafunga mkoba, afisa akagonga kioo kwa kalamu. Akaigeuza fomu yake, ile aliyoijaza Balozi, akaweka kidole kwenye boksi la mwisho. "Uhusiano mwingine, eleza." Chini yake mistari mitatu, mitupu, misafi kama shuka la kwanza asubuhi.

"Anasema nafasi ya kueleza ilikuwepo," mkalimani alitafsiri. "Hapa hapa. Barua ya daktari ni ya kweli, amepiga simu akahakikisha. Barua ya kazini ni ya kweli. Anasema asingekuahidi kitu, ila angekusikiliza."

"Ahsante," alisema Mama Mashuka, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

Alipitia kwa Balozi, si kwa ugomvi, nguvu za ugomvi hakuwa nazo. Alimkuta na mteja kwenye kigoda, mwanamume mwenye mvi kwenye panja.

"Ulikubali?" Balozi akashika kichwa. "Mama! Siku hizi nani anakubali? Nilikwambia ng'ang'ania!"

"Ningeng'ang'ania, mwanangu angetupwa nje akiwa na tumbo. Nijibu moja tu nikapumzike. Lile boksi la mwisho uliliruka kwa nini?"

"Boksi gani?"

Na hapo akaona kwamba hadanganyi. Kwa mara moja katika maisha yake Balozi alikuwa anasema kweli: hakulijua. Miaka yote hiyo alikuwa akinakili fomu ya mteja wake wa kwanza aliyefanikiwa, na ukurasa wa mwisho hakuwahi kuufikia. Mama Mashuka akamgeukia yule wa kwenye kigoda.

"Kaka, una miaka mingapi?"

Mwanamume yule akamwangalia Balozi apewe jibu.

"Nenda nyumbani, kaka," akamwambia, akatoka.

Kesho yake Redio alikuwa kimya tangu asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mashine mpya zifungwe. Alikuja akashika toroli.

"Nipe hayo ya wazazi leo. Wewe kunja taulo."

"Acha, nayaweza."

"Sikuulizi kama unayaweza. Mimi ndiye niliyekupeleka kwa yule mshenzi. Kaa."

Akakaa. Mchana akatoka na simu kwenye benchi la nyuma, chini ya kamba za kuanikia. Njia nzima alikuwa ameitengeneza sentensi: wamekataa tu, mwanangu, hawakutoa sababu. Ilikuwa sentensi nzuri. Kila mtu angeiamini, huko wanakataa watu kila siku.

"Mama! Wamesemaje?"

"Wamekataa."

"Kwa nini? Si barua ya daktari..."

Akafumba macho. Akasema yote, Balozi, cheti, wino, kioo, miaka kumi. Alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu mashuka, mpaka likaisha la mwisho. Upande wa pili ikasikika pumzi.

"Mama, mimi niliandika kila kitu. Niliandika mpaka nafasi ikaisha. Ungeniuliza tu. Simu moja!"

"Aliniambia nisikuambie."

"Na wewe tangu lini unaambiwa ukasikia?"

Hilo lilikuwa na haki yake. Mama Mashuka akakwangua rangi ya benchi kwa kucha.

"Nililiona jina langu," akasema. "Pale pa mama. Limeandikwa. Nikalipenda, mwanangu. Ndiyo hiyo tu, sina lingine la kukupa."

Binti alianza kulia, na alilia kwa uangalifu, kama mtu aliyekatazwa hata kulia kwa nguvu. Mama Mashuka akamwacha. Juu yake mashuka yaliyumba kidogo yakatulia.

"Miaka kumi," binti akasema mwishowe. "Mtoto atakuwa darasa la nne."

"Atakuwa amejua kusoma. Ndiye atanijazia fomu."

"Usinichekeshe, naumwa." Akavuta kamasi. "Ulipomwambia hukunizaa... ulilisemaje?"

"Vibaya."

"Sawa. Sasa nitafanyaje humu ndani? Mume wangu anaondoka Jumatatu. Nimeuguza watoto wa watu wodi nzima, lakini huyu akiwa wangu, saa nane za usiku, mikono itasahau. Najijua. Nani ataniambia?"

Mama Mashuka alitazama saa ya ukutani kupitia dirisha, dakika kumi na mbili za mapumziko zilikuwa zimebaki.

"Una kalamu karibu?"

"Ya nini?"

"Chukua kalamu. Na karatasi. Usinyanyuke, angalia kwenye droo."

Kukasikika kupekuapekua, kitu kikaanguka, binti akalaani kidogo kwa lugha ya huko.

"Nimeshika."

"Andika. Kwanza, akilia usikimbilie kudhani ni njaa. Mpapase mgongo. Mgongo ukiwa na jasho, ni nguo umemvika nyingi. Umeandika?"

"Naandika, mama. Polepole."

"Pili, kitovu. Watu watakwambia paka hiki, paka kile..."

Simu ikakatika. Akaitazama, akaipiga, haikupita. Akapiga tena. Ndani Redio alikuwa anagombana na mashine. Mara ya nne ikaita.

"Tulifika wapi?" akauliza Mama Mashuka.

"Kitovu."

"Enhe. Kitovu usikipake kitu. Kiache kikauke chenyewe."